Bandari Niliyokuchagulia, Somo

Somo,

Safari bado ipo. Nakuambia mapema kwa sababu nakujua, hilo ndilo ungeuliza kwanza. Hawakuiahirisha. Ulizikwa huko huko Riyadh bila mtu wako hata mmoja, madam wako, Mama Lulu, akajifungia chumbani akisema kichwa kinamuuma, kisha akampigia simu mdogo wake, madam wangu, kuuliza nani sasa atawashika watoto kwenye meli. Madam wangu akanitazama nikisugua masufuria. "Si jina lao moja?" akasema, akacheka. "Halas, imekwisha. Huyu."

Basi kitanda chako melini nimepewa mimi. Yaani umekufa na nafasi yako ikajazwa kabla nguo zako hazijatolewa kwenye kamba.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo chumba cha kufulia, hapa kwetu Al-Nuzha, Jedda, wenyewe wamelala baada ya chakula cha mchana. Mashine inanguruma, hata nikilia hawasikii. Na nalia, Somo, usidhani silii. Lakini zaidi ya kulia nina hasira. Nikikata nyama nakata na ubao wake. Jana madam aliniuliza kwa nini kuku wote wanafika mezani wamevunjika mifupa, nikamwambia kuku wa siku hizi ni laini.

Unakumbuka tulivyojuana? Benchi ya wakala pale Mombasa, dada anaita "Mwanasiti!" na sisi sote wawili tunasimama. Wewe wa Msambweni, mimi wa Gazi. Ukaniangalia juu mpaka chini, ukasema, "Haya, somo, kaa, mkubwa ni mimi." Tangu siku hiyo hukuniita kwa jina tena. Kwenye ndege ulinipokonya kiti cha dirishani, kisha ukalala mpaka tunatua, dirisha lenyewe hukuliangalia. Mwizi wewe.

Nataka kukueleza siku ile nilivyoiona mimi, kwa sababu mama yako ameambiwa vingine.

Tulikuwa tumekuja kwenu Riyadh, sisi wa Jedda, familia mbili zipange siku za kushuka melini. Ulikuwa umenieleza kwa simu hata kabla sijafika: meli inaanzia Barselona, kila asubuhi inatia nanga mji mwingine, watu wanashuka kutembea, jioni inang'oa, na aliyechelewa anaachwa. Ulikuwa na furaha kama ni wewe unayelipiwa kutembea. Ulijua bibi yao na kiti chake cha magurudumu hatapanda ngazi za magofu ya Napoli. Ulijua Lulu akikaa juani sana kifua kinabana. Ukaniambia, "Somo, mimi nitaiona Marseli! Mimi! Niliyekuwa nauza viazi karai!"

Baada ya alasiri wakakaa sebuleni, ramani kwenye televisheni kubwa. Wewe ulikuwa chini, kichwa cha Lulu mapajani, unamsuka. Mimi nikaingia na sinia la kahawa. Ukamuuliza Baba Lulu kwa Kiarabu chako kile kizuri, kwa adabu: siku za kushuka, pasipoti yangu niitie kwenye mfuko wa watoto pamoja na zao?

Ni hilo tu. Mfuko wa watoto nani aubebe kama si wewe? Pampasi, maji, dawa ya kifua ya Lulu, kila kitu begani mwako miaka yote. Ulikuwa unauliza swali la mtu anayefungasha.

Yeye akasikia jingine. Akasema, "Unataka kukimbilia Ulaya." Akasimama. Akachukua birika la kahawa, Somo, kutoka sinia langu. Mikononi mwangu. Likiwa limejaa na moto. Pigo la kwanza likakupata begani, kahawa ikamwagika shingoni. La pili sikioni. Ukawa unasema "mafi, baba, mafi kukimbia," hakuna kukimbia, huku unamsukuma Lulu kando asiungue. Hata wakati ule ulikuwa unamlinda mtoto wake! Ukainuka ukimbilie jikoni, akakudaka mtandio pamoja na nywele, akakuvuta nyuma, akakubamiza kwenye kona ya ile meza ya marumaru.

Tangu siku ile sivunji nazi. Naagiza tui la kopo.

Na hakuacha. Ulikuwa umelala na yeye bado anapiga teke. Damu ikaingia kwenye zulia, na mkewe huyo uliyemlelea watoto wanne, Mama Lulu, akashika mashavu akalia, "Zulia! Zulia!" Wallahi ndivyo alivyolia. Mimi nikatupa sinia nikamrukia yule mwanamume. Nilimng'ata mkono mpaka meno yakakutana na kitu kigumu. Akanipiga ngumi ya jicho, sikumwachia. Bosi wangu, mume wa madam, ndiye aliyenibandua, akanibeba kama gunia akanifungia chumba chenu cha kufulia, nikapiga mlango mpaka kucha zikatoka.

Walipofungua, zulia halikuwepo, na wewe hukuwepo. Kukawa na ngazi imesimamishwa chini ya ile taa kubwa ya vioo. Ulikuwa unafuta taa, wakasema. Ukateleza. Bosi wangu akaninong'oneza kwa upole, kama mtu anayenifanyia hisani: nikifungua mdomo, alama za meno kwenye mkono wa Baba Lulu ni zangu, na jela itakuwa yangu.

Ndiyo maana wananipeleka baharini. Usidhani wamenisamehe. Kuniacha Jedda peke yangu na mdomo wangu wanaogopa, na kunirudisha nyumbani wanaogopa zaidi. Wanataka niwe mahali wananiona. Na kwa kuwa siku hizi nasema "ndiyo madam" na macho yangu yako chini, wanadhani nimevunjika. Waache wadhani.

Mama yako huongea nami Ijumaa. Amesoma hitma bila maiti wala kaburi la kulishika. Kila mara ananiuliza, "Mwanangu, Siti alikuwa anaogopa hata kupanda kiti. Ngazi alipandaje?" Nami namwambia, "Mama, subiri kidogo." Nikimwambia leo, kesho yuko mlangoni kwa wakala anapiga mayowe, na wakala atampigia simu bosi wangu, kafili aliyenileta huku, saa ile ile, na mimi sitaiona hiyo meli. Siwezi kumdanganya na bado siwezi kumwambia.

Lulu na nduguze wameletwa kwetu mpaka safari, wazazi wao huja kila wiki kuwaona. Habari ya Lulu nilitaka kuipita, lakini nani mwingine nitamwambia? Juzi nimemkuta na mwanasesere wake. Alikuwa amemkalisha chini, akamsuka kidogo, kisha akachukua kibirika cha kuchezea akampiga nacho kichwani, mara mbili, akamvuta nywele, akambamiza kwenye mguu wa meza. Halafu akasema kwa sauti nzito, "Yalla, haraka, ngazi." Madam wangu alikuwa mlangoni. Akamzaba mtoto kofi mpaka akaanguka. Mimi nikaingia katikati, nikamkumbatia, nikamtazama madam machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na yeye ndiye aliyeinamisha uso.

Nikimimina kahawa, Lulu anaingia chini ya meza. Hakuna anayemuuliza kwa nini.

Sasa sikia. Kupanga siku za kushuka wamenirithisha mimi. Madam ananipa simu, ananiambia tafuta pa kupeleka watoto, wewe ndiye utakayehangaika nao. Mwanzoni, Somo, kila bandari niliyosoma nilitafuta kitu kimoja: pa kumuulia Baba Lulu. Palermo nilitafuta majabali. Nilisoma habari za zile roshani za melini, urefu wa vizuizi vyake, kama mtu mzito akisukumwa kwa nyuma ataanguka majini au kwenye sakafu ya chini. Nilimuua kila mchana juu ya ndoo hii. Kisha nikafikiria: akifa melini, atakuwa baba wa watu aliyeuawa na mtumishi kichaa, na wewe utabaki mtu aliyeteleza kwenye ngazi. Nikaiweka roshani kando.

Nikachagua Genoa. Jumba la kutazamia samaki hai liko karibu na meli, bibi anaenda na kiti chake bila ngazi, Lulu hakai juani. Madam akafurahi. Na wanaume nikawatafutia magari ya mbio, mbali na mji, basi linawachukua mapema na kuwarudisha jioni. Baba Lulu mwenyewe akasema, "Huyu amekuwa na akili." Akaninyooshea kikombe nimwongeze kahawa, na alama zangu mkononi mwake zimeshageuka nyeupe. Nikamwongeza.

Pasipoti yangu niliishika siku tulipokwenda kutiwa alama za vidole kwa ajili ya viza. Tangu tushuke ile ndege sikuwa nimeigusa. Nilikuwa mnene kwenye picha! Baba Lulu akainyakua akaitia mfukoni, akasema melini ataishika yeye. Lakini wiki hii watu wa meli wamemwandikia madam kwamba kila anayeshuka awe na yake, na siku ya Genoa Baba Lulu hatakuwepo. Madam wangu, ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko rangi ya mdomo, akapiga kelele mbele ya wote, "Basi zote ziingie mfuko wa watoto! Kwani nani atazibeba?"

Nilikuwa nimesimama na sinia. Neno lako lile lile, Somo. Kwako lilikuwa kosa la kufa, kwake ni amri. Mama Lulu akageuza uso ukutani. Baba Lulu akanywa kahawa yake, akasema sawa.

Kwa hivyo hivi ndivyo itakavyokuwa. Nitawafikisha mpaka ndani, kwenye kioo kikubwa cha samaki. Nitampa Lulu dawa yake ya kifua, nitautia mkono wake ndani ya mkono wa mama yake, nimwambie asiuachie. Mfuko nitauweka miguuni mwa madam na pasipoti zao zote, sitaki chao. Nitachukua yangu. Mkono wa Lulu ndio utakaonishinda kuuachia, nakuambia kweli. Lakini nitauachia.

Wewe hukuwa na nia ya kukimbia. Mimi ninayo, na wewe ndiye uliyenipa.

Najua askari wa huko si askari wa Riyadh, na huenda wasimfanye kitu. Lakini nitakuwa nimesimama mahali ambapo meno yangu si kesi, na simu ya kwanza nitampigia mama yako. Nitamwambia hukupanda ngazi yoyote. Nitamwambia ulikuwa unamsuka mtoto.

Mashine imenyamaza, wanaamka. Barua hii nitaikunja ndani ya pampasi chafu, hakuna mkono wa nyumba hii utakaoifungua isipokuwa wangu.

Mungu akulaze pema, Somo wangu. Dirishani sasa nakaa mimi, na nitaangalia kwa ajili yetu wawili. Naapa kwa maziwa ya mama yangu: nikifika kwa askari wa kwanza atakayenisikiliza, ataniuliza aliyeuawa alikuwa nani. Nitasema, Mwanasiti. Ataniuliza, na wewe unayeshitaki? Nitasema, Mwanasiti. Na sitaondoka hapo mpaka ayaandike yote mawili.