Mji wa Udongo Uliowafinyangia Samaki

Jumapili, tarehe 14 Juni 1959. Asubuhi hii ukungu ulishuka mpaka kwenye paa za nyasi, na manyunyu hayakukatika tangu alfajiri. Ukisimama mlangoni huoni hata mnara wa askari wa kijiji, na kwa hilo tulimshukuru Mungu.

Mwaka umezunguka, Elphas Mbaabu, tangu tulipokulaza katika udongo huu wenye maji na kifua chako kikaacha kukohoa. Leo baada ya ibada tulikusanyika mbele ya nyumba ya mama yako kukukumbuka. Maneno haya ameyaandika mkeo Wamuyu kwa mkono wake mwenyewe. Ulipomwacha alikuwa akitaja herufi moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Sasa yumo katika darasa la jioni la Mwalimu Kivuti, kanisani, na Mungu amemfungulia. Usicheke makosa.

Ulikuwa mtu wa mikono. Mpini wa jembe ukilegea, uliletewa wewe. Uliomba kwa sauti ndogo, kama mtu anayezungumza na jirani kupitia ua. Hukupenda kuinuka mezani kabla mama hajamaliza kula, hata chai yako ikipoa.

Lakini tusiwafiche majirani: kazi yako ilitutia kinyaa. Huku kwetu samaki ni ndugu wa nyoka. Hatumli, hatumshiki, na tukimwona sokoni tunapita upande wa pili. Nawe ulikwenda Meru mjini kufanya kazi katika nyumba ya Wazungu, ukapewa sanduku kubwa la kioo lililojaa maji, na ndani yake samaki wekundu wanaometameta, uwalishe, uwabadilishie maji, uwasugulie kioo. Jumamosi uliporudi na kibali chako cha kupita, Wamuyu alikuzuia mlangoni.

"Nawa kwa majivu, baba Mukiri. Kisha sabuni. Kisha majivu tena."

"Nimenawa mjini."

"Ya mjini ni ya mjini."

Ulinawa bila kununa. Kisha ukaketi ukaanza kusimulia, na Wamuyu akakiweka chini chakula chake.

"Wanacheza, Wamuyu. Nimewaning'inizia pete ya pazia. Mmoja anapita katikati, anazunguka, anarudi kupita tena. Hakuna aliyemtuma. Nimewapa na kizibo cha chupa, wanakisukuma kwa mdomo."

"Kwa mdomo ule?"

"Ana mdomo mmoja tu, mke wangu."

Ulisema samaki aliyefungiwa kwenye kioo kitupu huzunguka, huzunguka, mwishowe husimama kwenye kona na kuacha kula. Lazima awe na kitu cha kuchezea na mahali pa kujificha. Kwa haki tuseme kwamba memsabu, yule mama wa Kizungu, alilijua hilo kabla yako, na aliwapenda samaki wake. Jina lake hatutaliandika. Ndiye aliyekuambia siku moja: "Elphas, tengeneza kijiji kidogo. Ya udongo. Samaki wapate kucheza."

Wewe ulisikia neno kijiji, ukaelewa kama watu walivyolielewa zamani. Ulichota udongo mtoni ukafinyanga mji wetu, ule wa mlimani, uliochomwa siku serikali ilipotuhamisha kwa nguvu. Uliweka nyumba ya mama, nyumba ya Wamuyu, banda la mbuzi, na ghala la mtama juu ya miguu yake minne. Kila nyumba uliiachia mlango mpana samaki apite. Mama yako Kagure, mfinyanzi wa vyungu, alivichoma vijumba hivyo pamoja na vyungu vyake bila kuuliza. Alipovitoa kwenye majivu alishika nyumba moja akaigeuza mkononi.

"Hii ni nyumba yangu," alisema. "Na hili ghala limeinama vile vile. Umenitengenezea, mwanangu?"

Ulitazama chini. "Ni ya samaki, mama."

Mama aliiweka chini polepole, akasugua mikono kwa majivu mpaka kwenye viwiko, akatema mate upande wa kulia na upande wa kushoto. Hatukuwa tumecheka hivyo tangu tuingizwe ndani ya mtaro huu unaozunguka kijiji.

Yaliyofuata tuliyapata kutoka kwa Idrisi, mwenye bucha kule mjini, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni na kikapu cha nyama. Memsabu aliutazama mji wako akatikisa kichwa.

"Hapana namna hii, Elphas. Hii shamba ya zamani. Mimi nataka kijiji ya sasa. Weka mtaro. Weka miti kali ndani ya mtaro. Weka mnara na askari. Samaki ataingia kwa mlango moja, kama watu. Wageni watacheka sana!"

Idrisi anasema uliliinua ghala, ukalirudisha mahali pake.

"Hiyo siwezi, memsabu."

"Kwa nini? Ni mchezo tu."

"Ndiyo sababu, memsabu."

Alasiri hiyo hiyo ulifukuzwa, na mji wako ukaamriwa utupwe jalalani.

Wamuyu alidhani anajua kinyaa ni nini. Alidhani ni utelezi wa samaki na harufu ya maji yaliyolala. Uliposimulia habari ya kijiji kile cha kuchezea, alitoka nje akainama ukutani, na chakula chote kikamtoka. Mtaro wenyewe, huu wa kwetu, aliuchimba yeye, Mukiri akiwa mgongoni. Miti ile aliichonga ncha yeye, akiwa amesimamiwa na askari. Mlango ule mmoja ameungojea jua likiwaka, debe la maji kichwani, mpaka askari amalize kuvuta sigara, na kila usiku askari aliufunga kwa nje. Na mtu mwenye akili timamu, mwenye upole wa kumwonea huruma samaki, aliona kwamba hicho ni kitu cha kuchekesha wageni wakiwa na glasi mkononi! Mwezi jana Wamuyu alimuuliza Mwalimu Kivuti kama Kiswahili kina neno kubwa kuliko kinyaa. Mwalimu aliandika ubaoni: karaha. Wamuyu alilitazama sana.

"Halina ndugu mkubwa, Mwalimu?"

"Hilo ndilo kubwa nililo nalo, mama Mukiri."

Tunamwombea memsabu kila jioni, kwa sababu tumeamriwa kusamehe. Hatutasema uongo mbele ya Mungu: bado hatujafika. Tunaomba, na kinyaa kinarudi, na tunaomba tena.

Ndugu yako Kathuri naye alitutia kichefuchefu siku ile, na amekubali liandikwe. Alikusimamia juu ya kichwa akapiga kelele kijiji kizima kikasikia. "Kazi ya ndani! Chai na sukari! Umeiacha kwa ajili ya mdoli wa samaki? Ungeufinyanga tu huo mtaro. Matope ni matope!"

"Matope ni matope," ulimjibu, "lakini mikono ni yangu, Kathuri."

Mikono hiyo ikarudi kwenye jembe la kazi ya lazima, mvua ikikunyeshea mgongoni, na kikohozi kikaja kukaa. Wamuyu alikuuliza kama unajuta. Ulisema unawasikitikia samaki tu, maana sasa hawana pa kujificha.

Sasa sikia habari za mwaka huu. Tumeruhusiwa kurudi mashambani, kila mtu kwenye ardhi yake. Mama yako alianza kufunga vyungu siku ile ile. Ana jambo moja tu analoomba duniani, asifie ndani ya mtaro. Lakini Kathuri, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba baada yako, alikataa. Alisema barabara iko hapa na duka liko hapa. Alisema kule juu ni kichaka kitupu, na hakuna anayekumbuka nyumba zilisimama wapi. Bila neno lake hatungeweza kuhama. Mama aliacha kula, kama samaki wako wa kwenye kona.

Leo ibada ilipokwisha tulimwona Idrisi akija na mkewe Kibibi, miguu imejaa tope, amebeba gunia la nyama begani. Wamuyu alikunja uso.

"Usinitazame hivyo, shemeji," Idrisi alisema. "Sikuleta samaki. Samaki nimekula mwenyewe nyumbani, kwa limau."

"Astaghafiru, huyu mtu," Kibibi alisema. "Toa kitu, uache maneno."

Akautoa mji wako. Hukuwahi kujua, Mbaabu: hakuuacha jalalani. Aliuficha chini ya nyama akapita nao mbele ya askari. Kibibi ameukalisha rafuni miaka yote hiyo, na ghala akalitia chumvi. Idrisi alisema hakuuleta mapema kwa sababu mnara wa hapa ulikuwa bado una askari.

Mama alivipokea vipande kimoja kimoja, na safari hii hakuitisha majivu. Alipiga magoti kwenye tope akavipanga: nyumba yake, nyumba ya Wamuyu, ghala, banda. Kathuri alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. Akakohoa. Akasogea hatua moja.

"Banda si pale," alisema. "Mbuzi wangechukuliwa na maji. Lilikuwa juu, karibu na jiwe." Akainama, akalisogeza kwa kidole.

"Si ulisema hakuna anayekumbuka?" Wamuyu alimuuliza.

Kathuri alijipapasa goti. "Jiwe lile niliwahi kuliangukia," alisema. Kisha akasema: "Mama, endelea kufunga vyungu."

Tunaokukumbuka ni mama yako Kagure, aliyekuzaa na kukuchomea udongo. Ndugu yako Kathuri. Binti yako Mukiri, mwenye kidole gumba kama chako. Rafiki zako Idrisi na Kibibi. Na mkeo Wamuyu. Jina lako tunalala nalo na tunaamka nalo.

Mwalimu Kivuti alitaka kufunga kwa sala, lakini Wamuyu aliomba kusema kwanza. Alisimama mbele ya jamaa, majirani na watu wa darasa la jioni, akaweka kiganja juu ya ghala lako, akasema kwa sauti mpaka waliokuwa nje ya ua wakageuka:

"Mbaabu, mbele za Mungu na mbele ya hawa, mji huu nitaujenga pale ulipokuwa, nyumba kwa nyumba, kama ulivyoufinyanga. Sitauchimbia mtaro. Na usiku ukiingia, mlango tutaufunga sisi wenyewe, tukiwa ndani."