Shemeji kazitibu breki zangu

Mwenzangu, niko hai. Nianze na hilo.

Unakumbuka breki za baiskeli yangu zilivyokuwa zinapiga kelele? Shemeji yangu, yule mdogo wake mume wangu, kazitibu. Kachukua mafuta ya kupikia, kaipaka diski ya breki mpaka inang'aa. MAFUTA. KWENYE BREKI.

Na kweli, kelele zimeisha. Breki nazo zimeisha.

Mteremko wa kwenda kazini nimeushuka kama gunia lililotupwa. Nashika breki, wapi! Nashika tena, wapi! Mlinzi kadhani nina hamu ya kazi, kanifungulia geti na saluti juu. Nimeishia kwenye maua ya meneja, na mwenyewe kasimama palepale na kikombe chake cha chai. Unajua kaniambia nini?

"Leo umewahi."

LEO UMEWAHI! Mimi nina majani mdomoni!

Fundi kasema diski itasafishwa kwa spiriti, itapona. Ila pedi za breki zimeshakunywa mafuta, ni za kutupa, la sivyo zitaichafua upya.

Nimeikokota mpaka nyumbani. Mama mkwe kaniambia nisimkaripie mwanawe, eti alijitolea kwa moyo mmoja. Sawa. Nikamwambia shemeji kwa upole wangu wote, "Basi shemeji, panda baiskeli hii, ukanichukulie pedi mpya kwa fundi, hapo tu chini ya mteremko."

Kaitazama baiskeli. Kanitazama mimi.

"Shemeji, unataka kuniua? Hii si haina breki!"