Damu ya Eliya, Damu ya Peniel

Dodoma, 3 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mgongo umekupa nafuu. Mimi ni mzima, kazi za maabara zinaendelea.

Majibu ya damu ya mwanangu Peniel yametoka, mama, na si mazuri. Goti lile lililovimba Pasaka halikuwa la kuanguka tu. Mtu akijikata, damu hugandishwa na vimeng'enya. Kimeng'enya kikielea peke yake kinafanya kazi polepole mno, kama mnunuzi na mwenye ng'ombe wanaotafutana porini. Lakini chembe sahani za damu zikishajishikiza kwenye kidonda, utando wao unakuwa uwanja wa mnada, wote wanakutana hapo. Na lazima awepo dalali wa kuwakutanisha. Hapo kazi inakwenda haraka mara maelfu. Peniel uwanja anao, wanunuzi anao. Dalali, yaani protini moja ya damu, ndiye hana.

Kwa hiyo asitahiriwe Juni hii, hata wenzake wakimcheka. Kasoro hii mama humpa mwanawe wa kiume. Mimi ndiye niliyempa, na ninalia nikiandika.

Mwanao,
Loyce

Unyambwa, 9 Juni 2024

Loyce mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mtama tumevuna, na Peniel anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kama wewe umempa Peniel, wewe alikupa nani? Kaka yako Eliya alikufa baada ya jando, wewe ukiwa bado mgongoni kwangu. Ukoo mzima ulijua ni jicho baya la wifi yangu Felista, aliyewapikia watoto uji. Mimi ndiye niliyemtaja mbele ya wazee, akafukuzwa. Sasa unataka kuniambia nini? Umesoma, sawa, lakini usinifundishe kifo cha mwanangu.

Jumamosi Peniel anaingia jandoni na wenzake. Mzee Melkizedeki ana mkono mwepesi. Simu nimeizima, maana najua utanipigia kelele.

Mama yako

Dodoma, 11 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, nisamehe.

Hujawahi kunisimulia Eliya alikufaje. Ila nadhani ilikuwa hivi: siku ya kwanza damu ilikatika vizuri, mkafurahi. Chembe sahani huziba kidonda zenyewe kwanza, hata kwa mtoto wa namna hii. Lakini kizibo hicho ni dhaifu, kwa sababu nyuzi za kukishika zinachelewa kutengenezwa. Siku ya pili au ya tatu kikaachia, damu ikaanza upya, kidogo kidogo, bila kukoma.

Kama haikuwa hivyo, chana barua hii. Kama ilikuwa hivyo, nakupigia magoti, mwache Peniel. Barua hii nampa kondakta wa basi la leo. Ruhusa nimeomba, nitafika Ijumaa.

Mwanao,
Loyce

Unyambwa, Ijumaa 14 Juni

Mama, nimekuta mlango umefungwa. Mzee Melkizedeki anasema Peniel yumo kati ya watoto wa kesho, lakini jirani hajawaona tangu asubuhi. Karatasi hii naipitisha chini ya mlango. Naogopa, mama. Mko wapi?

Loyce

Kintinku, 16 Juni 2024

Loyce mwanangu,

Peniel ni mzima, hajaguswa. Naanza na hilo.

Ya Eliya ni kama ulivyoandika: ilikuwa siku ya tatu. Siku ya kwanza tulipiga vigelegele. Hakuna aliyekuambia, hata marehemu baba yako hakupenda kuligusa jambo lile. Kasoro ya damu sikuijua, Mungu anajua. Lakini jina la Felista nililitamka kwa mdomo wangu.

Alfajiri ya Ijumaa tulipanda basi kuja huku alikohamia Felista. Simu niliisahau kwa haraka. Nimemkuta Felista anaishi peke yake. Nilipiga magoti, nikamsomea barua zako zote mbili. Akasema nisome tena. Nilipomaliza, akaingia ndani akafunga mlango.

Jioni alitoa chakula cha mtu mmoja, akampa Peniel. Mtoto akimwamkia, anamwitikia na kumshika kichwa. Mimi ananipita tu. Nalala kwa jirani yake, asubuhi narudi kukaa mlangoni.

Leo nimempa shikamoo, mimi niliyemzidi umri. Hakuitikia. Kesho nitampa tena.

Mama yako