Kitambaa cha Kufunika Kompyuta

Ziwani, Jumanne, Julai 1997

Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya kukata masikio. Mimi ninachemka.

Shajara, jana nilikujazia ukurasa mzima kuhusu Wafula wangu anavyoimba akinyoa ndevu. Bado nampenda hivyo. Bado moyo huniruka nikisikia viatu vyake mlangoni. Lakini leo nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Shule anayofundisha ilipewa kompyuta moja. Tangu Pasaka imekaa ofisini kwa mwalimu mkuu na hakuna mtoto aliyeigusa. Mume wangu hakulalamika. Aliwapeleka watoto uwanjani, akawasimamisha mstari ovyo, akawapa amri moja tu: ukimzidi urefu aliye kulia kwako, badilishaneni nafasi, rudieni mpaka asiwepo wa kubadilishana. Mstari ukajipanga wenyewe, kutoka mfupi hadi mrefu. Akawaambia kompyuta nayo hufanya kazi hivyo, kwa hatua ndogo zinazorudiwa. Aliponisimulia alikuwa akirukaruka kati ya kitanda na stovu. Nilimtazama nikajiona nimeolewa na mtu wa ajabu.

Ijumaa mwalimu mkuu aliwaona kupitia dirisha. Akasema wazazi hawalipi karo ili watoto wacheze. Somo likafa.

Hilo ningelimeza.

Leo Wafula ameingia bila kunitazama. Eti mwalimu mkuu anakumbuka vitambaa vyangu vya kroshia alivyoviona siku ya harusi. Anaomba nifume kimoja cheupe, chenye maua pembeni, cha kufunika kompyuta isiingie vumbi.

Nikamuuliza amemjibu nini.

"Nimemwambia utafurahi."

Nitafurahi! Nipambe kitu ambacho watoto wamenyimwa, na aliyewanyima ndiye aliyemfungia mume wangu somo!

"Mwambie bibi yako amekataa."

"Nekesa, mimi bado ni mwalimu wa muda. Huyo mzee hasahau."

"Basi nitamwambia mwenyewe. Siku mtoto wa kwanza atakapoibonyeza, jioni yake nitaanza kufuma."

Ugali ukapoa mbele yake. Nilianza kujiuliza kama namtetea au namfukuzisha kazi, nikakaribia kurudisha maneno yangu. Hapo akanawa mikono.

"Huendi peke yako," akasema. "Mimi ndiye mwalimu wao. Wewe utasimama tu kando yangu."

Anaogopa, namjua. Mimi pia naogopa. Lakini asubuhi tunaenda wote wawili, kabla hasira hii haijapoa.