Usibonyeze Tengeneza

Cheyo, Tabora
4 Machi 2025

Mdogo wangu Modesti,

Habari za Dar? Kifua kimepoa? Huku mama hajambo, analalamika tu kwamba hupigi simu.

Nina shida kazini hospitalini. Umeme ulikatika Jumapili, na tangu hapo kompyuta ya chumba cha kupimia moyo inakubali neno la siri, kisha inasema diski haisomeki. Humo zimo picha za mioyo ya watoto wote aliowapima daktari mgeni, na ameshaondoka na mashine yake. Yumo Asnath wa Ulyankulu, mtoto wa miaka sita. Akicheza kidogo tu midomo inakuwa ya buluu. Jopo la upasuaji huko Dar linakaa Ijumaa ya wiki ijayo, na bila picha hawamjadili.

Kwenye kioo kimetokea kitufe cha "Tengeneza". Wilbroad, fundi wetu, anataka kukibonyeza. Nimemwomba angoje hadi kesho. Mfumo huo ni wa kampuni yenu, niambie la kufanya.

Dada yako,
Demetria

Dar es Salaam
4 Machi 2025

Dada, shikamoo.

Kifua kimepona, mwambie mama nitampigia.

Msibonyeze. Picha bado zipo. Diski hiyo imefungwa kwa ufunguo: kila kipande huvurugwa kufuatana na namba ya mahali kilipo. Wiki iliyopita tuliwatumia draiva mpya, ile programu inayoleta vipande kutoka kwenye diski, nayo ikaanza kazi mlipowasha upya. Nadhani inahesabu namba hizo tofauti na kufuli linavyohesabu. Kwa hiyo ufunguo ni sahihi, lakini kinachotoka ni takataka. "Tengeneza" ikiona takataka itaandika juu yake, na hapo picha zitakufa kweli.

Bosi wangu Ezekia anasema hakuna hospitali nyingine iliyolalamika. Zimeni, mchomoe waya.

Mdogo wako,
Modesti

Tabora
5 Machi

Marahaba.

Nimesoma barua yako kwenye simu njiani asubuhi, nikakimbia. Wilbroad alikuwa ameshabonyeza. Mganga mkuu alimwamuru. Mstari wa kazi kwenye kioo ulikuwa umefika kama theluthi. Nikachomoa waya ukutani.

"Dada, umeiua wewe," Wilbroad akaniambia mbele ya watu. "Haichomolewi ikiwa katikati."

Sasa nimetakiwa kujieleza kwa maandishi. Diski nimeing'oa, ninayo kwenye pochi, na kesho wanaitaka. Asnath amelazwa tangu jana. Mama yake, Vestina, kaniuliza kama picha zimeshakwenda Dar. Nikamwambia bado.

Ni mimi niliyeiua?

Dada yako

Tabora
7 Machi

Modesti, u mzima? Simu yako haipatikani. Diski sijawapa. Mganga mkuu haniitikii salamu.

Dada

Dar es Salaam
8 Machi 2025

Dada, shikamoo. Nisamehe kwa kimya.

Hukuiua. Nilichukua kompyuta ya ofisini, nikaifunga kama yenu, nikaweka draiva mpya: takataka. Nikarudisha ya zamani, ikafunguka. Nikamwita Ezekia aone. Tumebishana mpaka akakubali, na jana draiva mpya ilisimamishwa nchi nzima. Barua yake kwa mganga mkuu imeshatumwa.

Sasa mwite Wilbroad. Anakili diski nzima kama ilivyo kwenye diski nyingine, na afanye kazi kwenye nakala tu. Draiva ya zamani nimeiambatisha. Nitakuwa kwenye simu muda wote.

Ila yaliyoandikwa juu hayarudi, na sijui ya Asnath yako upande gani. Usimwahidi mama yake kitu.

Mdogo wako,
Modesti

Tabora
11 Machi

Mdogo wangu, marahaba. Sisi ni wazima.

Ulipokata simu jana mimi na Wilbroad tuliendelea kufungua faili moja moja. Za Asnath zimefunguka. Nimezituma, na Dar wamejibu kwamba wamezipokea na watamjadili Ijumaa. Vestina aliomba auone huo moyo. Alitazama valvu, kile kilango cha moyo, inavyofunguka na kufungwa, akamfunika mtoto shuka vizuri.

Za Kasimiri wa Bukene zimepotea zote. Ana miaka minne, na jopo halikai tena mpaka Septemba. Baba yake hana simu. Kesho napanda treni ya Mwanza, nishuke Bukene nikamweleze, na nimwombe ampeleke Kasimiri apimwe upya hospitali ya Bugando, Mwanza.

Wilbroad alinikuta nikifunga begi. Akaniuliza treni inaondoka saa ngapi, kisha akaenda kukata tiketi yake.

Dada yako,
Demetria