Orodha ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wetu wa watengeneza programu — tunamwita Mwalimu, hachoki kufundisha — kabandika ukutani orodha ya vitabu vitano vya usanifu wa mifumo ya kompyuta. Kasema visomwe kwa mpangilio. Cha kwanza kina kurasa mia sita! Nimekifungua, nikapiga miayo, nikarukia cha nne. Chembamba, na ndicho kinachotajwa kwenye kila usaili.

Alhamisi, 13 Machi
Cha nne kimenikolea. Kila sehemu ya mfumo ijitegemee, itunze nakala yake ya data. Mfumo tunaoitengenezea hospitali nimeugawa hivyohivyo: mapokezi kivyake, duka la dawa kivyake. Nakala inasasishwa mara moja kwa siku. Mwalimu kauliza kama nimesoma vyote vitano. Vyote, nikasema bila kupepesa macho. Basi kaidhinisha uanze kutumika, bila kukagua. Ananiamini.

Jumanne, 25 Machi
Mama mmoja kachomwa sindano ya dawa inayomdhuru. Mapokezi waliandika asubuhi ileile kwamba asipewe. Duka la dawa halikuona kitu — nakala yake ilikuwa ya jana. Yuko mahututi.

Jumatano, 26 Machi
Nimeanza kukisoma cha kwanza. Leo! Ukurasa wa arobaini na moja: taarifa ambayo ikichelewa mtu anaumia, isinakiliwe, iulizwe palepale ilipoandikwa. Ningefika hapo siku ya kwanza tu. Dada kapiga simu, kauliza mbona sauti imekauka. Mafua, nikamwambia. Siku hizi uongo unanitoka bila shida.

Ijumaa, 28 Machi
Kikao cha uchunguzi. Niko kwenye benchi nje, naandika. Yule mama bado hajazinduka. Mwalimu katoka sasa hivi, shati limelowa jasho. Nimewaambia ulisoma vyote, mwanangu, kasema. Mwenye kosa ni aliyevichagua. Kaniomba nisijilaumu. Wamemsimamisha kazi. Naogopa, na naona aibu hata kumtazama mgongo akienda kufungasha vitu vyake.

Katibu wa kikao kachungulia mlangoni. Hawatanichelewesha, anasema — nithibitishe tu aliyoyasema Mwalimu, niweke saini, nikaendelee na kazi.