Kuni za Kilio cha Bibi Yako

Mususa, Butembo
Tarehe 9 Machi 2024

Mpendwa binti yangu Jemima,

Ninakusalimu sana. Habari za huko Kisangani? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi nguvu zinakwisha, kalamu inanilemea, ila akili ingali wazi.

Maelezo ya masomo yako niliyasoma tena na tena. Unasema kuvu inayokausha kahawa hukaa kimya ndani ya mti uliokufa. Ikikuta kidonda cha mti mzima, jeni zake zilizolala huamka. Nyingine huzima ulinzi wa mti, nyingine hutoboa njia za maji, mpaka mti unakauka na matunda yake juu. Enzi zetu hatukujua habari za jeni. Lakini mimi, agronome, mtaalamu wa kilimo, nilijua kuni za kahawa iliyougua hazihamishwi. Nilifundisha watu wazichome palepale.

Bibi yako alipofariki, tulimlilia kule Mulekera, kwa mdogo wangu, baba yako Paulin, kando ya kahawa yake iliyostawi. Kuni zikaisha. Shemeji Jean-de-Dieu akanitania mbele ya watu: «Agronome, kilio bila moto ni réunion tu ya ofisi. Ao bazungu hapana kukufundisha kutafuta kuni?» Watu wakacheka. Kwa kuona haya, nikaagiza mashina ya kahawa yangu iliyokufa kwa ugonjwa ule kule Oicha. Yakapangwa chini ya miti ya baba yako.

Baadaye miti yake ikakauka yote. Ukoo ulipouliza, nilisema Paulin alijeruhi mizizi kwa jembe. Jembe lilijeruhi kweli, lakini ugonjwa niliuleta mimi. Wakasema mkono wake unaua miti, wakamnyang'anya shamba, wakampa mwingine alitunze.

Jumapili ijayo ukoo unakaa kwangu kuligawa shamba lile. Nitasema yote. Nikishindwa kusema, shangazi yako Anne-Marie atawasomea nakala ya barua hii. Shamba ni la watoto wa marehemu Paulin. Njia ikiruhusu, uje.

Usinisamehe haraka kwa sababu ninakufa. Baba yako aliniamini, Jemima. Alikuja hapa na kuku, akaniomba msamaha kwa kuharibu kahawa ya familia. Nikamwambia nimemsamehe, na kuku tukamla pamoja.

Unisalimie mume wako Élysée na mdogo wako Sadrack. Mungu awalinde ninyi, na kila mtakachopanda.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye,
Stanislas